Dawa Mbele ya Shahidi

Mgonjwa wa kifua kikuu wa Kilwa Kivinje, amezapo vidonge vyake asubuhi mbele ya nduguye, naye nduguye akatia alama katika kadi, huifuata kanuni iliyothibitika nchini mwetu Tanzania. Kwani Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ulioasisiwa mwaka 1977 na kuongozwa kwa mashauri ya tabibu Karel Styblo, ndio uliokuwa kielelezo cha utaratibu wa kumeza dawa mbele ya shahidi ulioenezwa ulimwenguni katika miaka ya 1990. Shahidi huhitajika kwa kuwa kikohozi hupoa mapema ilhali vijidudu havijaisha, na aiachaye dawa kabla ya miezi 6 huihatarisha nafsi yake na jamaa zake, maana maradhi yaweza kurejea yakiwa sugu. Kwa mvuvi akaaye mbali na zahanati, msimamizi wa nyumbani ni rehema kubwa.