UZI: Ndege za anga za juu, pesa ya umma na swali ambalo wanasiasa wanaliruka

1/ Kila bajeti ikisomwa, ubishi ni ule ule. Huyu: "Anga za juu za nini na Nyando inafurika?" Yule: "Tuko kwenye ikweta, tujenge zetu!" Wote wanaruka swali la maana. Tuchambue polepole.

2/ Ndege ya anga za juu hupandishwa na roketi, huzunguka dunia, kisha hurudi kutua ili itumike tena. Hoja ya wanaotaka serikali ziifadhili inaeleweka: hakuna anayenunua matatu mpya kila ikifika Kondele.

3/ Lakini hata matatu ina gharama ya gereji. Space Shuttle ya Marekani iliruka mara 135, 1981 hadi 2011. Iliahidiwa kuwa nafuu, lakini kila ikitua ilikaguliwa na kukarabatiwa upya, pamoja na vigae zaidi ya 20,000 vya kuzuia joto. Unafuu haukuja.

4/ Ndiyo maana nchi huchanga. Ulaya inatengeneza Space Rider kupitia shirika lake la anga, ESA. Kanuni ya ESA: nchi ikichanga, viwanda vyake hupata kandarasi kulingana na mchango. Kwenye mradi huu, wakandarasi wakuu wako Italia.

5/ Italia hiyo hiyo tunaijua Malindi. Jukwaa la San Marco lilirusha roketi kati ya 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Roketi na setilaiti za Wamarekani, jukwaa la Waitaliano. Sisi? Bahari na ikweta.

6/ "Si hata Kisumu na Port Victoria ziko ikweta?" Kweli, na hapo mzunguko wa dunia huisaidia roketi inayoelekea mashariki. Shida ni vipande vinavyoanguka njiani. Mashariki ya Malindi ni Bahari Hindi. Mashariki ya Kisumu ni Ahero, Kericho, Nakuru. Ni watu hao, bana.

7/ Taifa-1 ilipaa 15 Aprili 2023 kutoka California, kwa Falcon 9, roketi ambayo sehemu yake ya chini hurudi kutua. Setilaiti iligharimu takriban shilingi milioni 50. Yaani teknolojia ya kutumika tena tumeshaipanda kama abiria, bila kununua gari.

8/ Na mvuvi wa Dunga anapata nini? Setilaiti huona gugumaji likisogea Ghuba ya Winam na maji yakitanda Budalangi. Picha za Sentinel za Ulaya ni za bure. Kinachotakiwa ni mtu wa kuzisoma na onyo lifike kabla ya maji.

9/ Kwa hivyo ukisikia "ushirikiano wa kimataifa", uliza:
- Data ni ya nani?
- Vijana wetu watapata kandarasi na mafunzo gani?
- Ajali ikitokea, nani analipa? Kwa mkataba wa kimataifa wa 1972, nchi ambayo ardhi yake imetumika kurushia nayo huwajibika. Ukikodisha uwanja, lawama pia imo.
- Bunge limeusoma? Sheria ya 2012 inataka mikataba ya kimataifa ipitie huko.

10/ Anga au hospitali si swali. Swali ni masharti. Mwanasiasa asiyeweza kukuambia masharti anakuuzia picha ya roketi tu. Sambaza.