Sukari nyumbani 8.6, hospitali 7.8: Tuamini kipimo kipi?

Usiku wa tisa wa Ramadhani mama aliamka kuandaa daku, akamkuta baba amelowa jasho, mikono inamtetemeka, na maneno yake hayashikani. Alipoitwa aliitika, lakini hakutambua yupo wapi. Kipimo cha nyumbani kilionesha 2.6. Kwa kuwa bado aliweza kumeza, tulimnywesha maji yenye vijiko vinne vidogo vya sukari, kisha tukatafuta gari. Alhamdulillah, alifika hospitali akiwa amerejewa na fahamu zake. Hata hivyo alilazwa hadi siku ya pili, kwani dawa aliyokuwa amekunywa hufanya kazi kwa saa nyingi, na sukari ingeweza kushuka tena.

Asubuhi yake muuguzi wa zamu alimjia kitandani. “Shikamoo, mzee. Jana jioni ulipopima ukapata sukari ya juu, ulikuwa umenawa mikono?”

“Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nimefungua kinywa kwa tende mbili, nikajifuta vidole kwa leso, nikapima.”

Hapo ndipo fumbo lilipofumbuka. Wakati wa Alasiri kipimo kilikuwa 6.4. Dakika chache baada ya adhana ya Magharibi kikasoma 17.2. Baba aliingiwa na hofu, akameza kidonge cha pili cha glibenklamidi juu ya kile alichoandikiwa na daktari. Kumbe sukari ile haikuwa ya damu. Ilikuwa utomvu wa tende uliobaki kwenye ncha ya kidole. Tende mbili haziwezi kuipandisha sukari ya damu kiasi hicho kwa muda mfupi namna ile.

Ndugu msomaji, kuna jambo jingine linalofaa kuelezwa. Mwezi wa Shaabani baba alipima nyumbani asubuhi kabla ya kula, akapata 8.6. Alipofika kliniki, maabara ikasoma 7.8. Alirudi amekasirika, akasema mashine yake ni ya uongo. Ajabu ni kwamba tofauti ile ndogo, isiyokuwa na dhara, ilimnyima usingizi. Na ile kubwa, iliyokuwa na hatari ndani yake, aliiamini bila ya kuuliza. Makala haya yameandikwa ili familia nyingine zisipitie njia hiyo.

Damu ni moja, mahali panatofautiana

Mashine ya nyumbani hupima tone la damu ya kidoleni, ambayo hutoka katika mishipa midogo mno. Maabara huchukua damu ya mshipa wa mkononi, ikaizungusha kwa mashine ili chembechembe zijitenge, kisha ikapima sukari iliyomo katika majimaji ya damu peke yake. Mashine nyingi za siku hizi zimetengenezwa ili majibu yake yalingane na ya majimaji hayo, lakini kulingana huko ni kwa makadirio.

Mtu akiwa hajala, damu ya kidoleni na ya mshipani hukaribiana sana. Akishakula, damu ya kidoleni huwa na sukari zaidi, kwa sababu damu ya mshipani imekwisha kupita kwenye misuli, nayo imejichukulia fungu lake. Kwa hiyo anayepima kidoleni saa moja baada ya chakula, na akatolewa damu ya mshipa wakati huohuo, asistaajabu akiona majibu mawili.

Tena saa zenyewe huenda mbio. Aliyepima nyumbani saa 12 asubuhi na akatolewa damu saa 3 hajapima kitu kimoja mara mbili. Alfajiri mwili humwaga homoni zinazopandisha sukari hata kama mtu hajala chochote. Kutembea kwenda kituoni huishusha. Wasiwasi, maumivu na homa huipandisha.

Tofauti ipi inakubalika?

Kiwango cha kimataifa cha mashine za nyumbani, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinataka majibu 95 katika kila 100 yasipishane na ya maabara kwa zaidi ya asilimia 15, pale sukari inapokuwa 5.55 au zaidi. Ikiwa chini ya hapo, yasipishane kwa zaidi ya 0.83. Maana yake, maabara ikisoma 10, mashine nzuri yaweza kusoma popote baina ya 8.5 na 11.5. Maabara ikisoma 7.8 kama ya baba, mashine yaweza kusoma baina ya 6.6 na 9.0. Ile 8.6 yake ilikuwa ndani ya mpaka, na mashine haikuwa na kosa.

Angalia pia kizio. Hapa kwetu hospitali huandika kwa milimoli, lakini mashine iliyotumwa na jamaa aliyeko Marekani huenda ikasoma kwa miligramu. Ukiona 144, usipige yowe. Igawe kwa 18, utapata 8.

Makosa ya nyumbani

Kosa la kwanza ni lile la baba. Nawa kwa maji na sabuni, kisha kausha vidole vizuri. Kufuta kwa spiriti pekee huenda kusiondoe sukari yote ya tunda. Anayepima mara tu baada ya kutawadha naye akaushe kwanza, maana maji yakichanganyika na tone la damu hulipunguza nguvu. Tone lisipotoka, ning’iniza mkono chini na uusugue kutoka kiganjani. Usikamue ncha ya kidole kwa nguvu.

La pili ni utunzaji wa vijiti vya kupimia. Joto na unyevu wa pwani huviharibu. Kopo lifungwe mara tu kijiti kinapotolewa, lisiwekwe jikoni, ndani ya gari wala kwenye jokofu, na tarehe ya mwisho wa matumizi isomwe.

La tatu si kosa la mtu. Aliyepungukiwa na damu, wakiwamo baadhi ya kina mama wajawazito, huweza kuonekana ana sukari nyingi kuliko aliyonayo, kwa sababu chembechembe nyekundu zikipungua mashine nyingi husoma juu. Mwenye hali hiyo amweleze daktari.

Hospitali nako

Isidhaniwe kuwa jibu la maabara haliwezi kupotoka. Chembechembe za damu ni hai. Zikiwa ndani ya chupa huendelea kula sukari. Damu ikikaa katika joto la kawaida bila ya kutenganishwa, sukari yake hushuka kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Ndiyo maana maabara hutumia chupa zenye dawa ya kuzuia hali hiyo, ingawa dawa hiyo nayo huchukua muda kabla ya kufanya kazi barabara. Damu iliyosubiri kwenye foleni yaweza kutoa jibu la chini kuliko hali halisi.

Halafu kuna kipimo cha hemoglobini A1c, ambacho wengi hukiita kipimo cha miezi mitatu. Hiki huandikwa kwa asilimia na huonesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Asilimia 7, kwa mfano, inakaribiana na wastani wa 8.6. Mtu aliyepima nyumbani asubuhi pekee akapata 6 kila siku, kisha A1c ikawa juu, asiseme maabara imekosea. Yawezekana sukari yake hupanda baada ya chakula cha mchana au cha usiku, saa ambazo hajawahi kupima. Lakini mwenye selimundu, aliyeongezewa damu karibuni, au mwenye upungufu wa damu, A1c yake huweza kupotosha, na daktari anapaswa kuambiwa.

Namna ya kulinganisha

Siku ya kliniki nenda na mashine yako. Ukiwa hujala, mara tu unapotolewa damu ya mshipa, nawa mikono, toboa kidole chako na upime, kisha andika jibu na saa. Majibu ya maabara yakitoka, linganisha. Tofauti ikiwa ndani ya asilimia 15, mashine yako ni salama kwa kuitumia. Ikizidi, rudia kwa vijiti vipya siku nyingine. Na ikiendelea kuzidi, mwoneshe daktari au mfamasia.

Nyumbani, jibu lisilofanana na hali ya mwili au na kipimo cha saa chache nyuma lirudiwe palepale baada ya kunawa, kwa kidole kingine. Na dawa isiongezwe wala isipunguzwe kwa jibu moja bila ya maelekezo ya daktari. Ila jambo moja halingoji: ukiona dalili za kushuka, yaani jasho, kutetemeka, njaa kali au kuchanganyikiwa, na huwezi kupima upesi, tibu kwanza. Vijiko vitatu hadi vinne vidogo vya sukari katika maji vinatosha, kisha pima baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Saumu na kipimo

Wapo wanaoacha kupima mchana wa Ramadhani kwa kuchelea kubatilisha saumu. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameeleza kuwa tone la damu la kupimia halifunguzi. Miongozo ya madaktari inamtaka aliyefunga afungue mara moja sukari ikiwa chini ya 3.9, au ikizidi 16.7. Ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine imo katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185; kuipokea si udhaifu wa imani. Inafaa mgonjwa amwone daktari wake mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani, ili dawa na saa zake zipangwe upya.

Baba sasa ana daftari. Kila mstari una tarehe, saa, jibu, na alichokula. Kipande cha sabuni na taulo ndogo vimewekwa kando ya mashine, na mjukuu wake wa miaka saba ndiye msimamizi: “Babu, umenawa?” Naye hajibu kwa maneno, humwonesha viganja vyake vikavu, ndipo atoboe kidole.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa wenye subira na elimu katika kuwahudumia. Amin.