Klova Haishuki Ziwani

Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Kwa klova, mmea wa malisho wenye majani matatumatatu, hapo ni chini mno: Ujiji na Kibirizi joto halikati, nayo hupenda ubaridi. Lakini panda basi la Kasulu, uendelee hadi Heru Juu, au elekea Manyovu karibu na mpaka wa Burundi. Ndani ya mkoa huohuo wa Kigoma utafika kwenye nyanda za mita 1,500 hadi 1,750, penye mvua ya kutosha na asubuhi za kuvaa sweta. Mfugaji wa huko ndiye mwenye haja ya kuijua klova.

Wengi huidhani ni mmea wa Wazungu, maana zinazosifiwa zaidi ni klova nyeupe na nyekundu za Ulaya. Kumbe kati ya aina zipatazo 250 za klova duniani, kadhaa ni wenyeji wa milima ya Afrika Mashariki. Mojawapo ni Trifolium semipilosum, iitwayo klova nyeupe ya Kenya, inayojiotea kuanzia Ethiopia hadi Tanzania, kwa kawaida kuanzia mita 1,400 hivi kwenda juu. Hutambaa, na pingili zake zikigusa udongo hutoa mizizi. Majani yake huwa na alama nyeupe ya umbo la V. Ni ya kudumu, haipandwi upya kila msimu, na ng'ombe akiila hadi karibu na ardhi huchipua tena. Waaustralia walichukua mbegu Kenya wakaiendeleza, wakaiita Safari. Siku hizi vitu vyetu hatuvithamini mpaka vitoke kwenye mfuko wenye chapa.

Kinachotafutwa ni protini. Kiangazi kikikolea nyasi hukauka, na protini yake ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, ng'ombe atajaza tumbo na bado atakonda. Anayevunjavunja nyasi si yeye, ni vijidudu visivyohesabika tumboni mwake, navyo visipopata naitrojeni iliyomo kwenye protini hulegea. Watu na kuku wa Kigoma wana dagaa wa ziwani; ng'ombe hana budi kuipata protini kwenye majani, na klova changa huweza kufikisha asilimia 20.

Naitrojeni hiyo hutoka hewani, ambako imejaa kwa asilimia 78, ila hakuna mmea unaoweza kuitumia hivihivi. Klova husaidiwa na bakteria waitwao rizobia, wanaoingia mizizini na kujengewa vinundu vidogo kama punje za ulezi. Ng'oa mche taratibu, suuza udongo, pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa na wekundu ndani, kinafanya kazi: wekundu huo ni wa protini iliyo ndugu ya ile inayoipa damu rangi, na kazi yake ni kuizuia oksijeni isiharibu kimeng'enya kinachonasa naitrojeni. Kikiwa cheupe au kijani, mmea unajitegemea, na punde utageuka njano.

Hapo ndipo wengi hukwama. Bakteria wanaoisaidia klova ya Ulaya hawaisaidii hii ya kwetu, hata wakiingia mizizini na kutengeneza vinundu. Mwaka 1964 D. O. Norris na L. 't Mannetje waliandika kuhusu jambo hili katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki. Kwa hiyo anayenunua mbegu aulizie pia bakteria wake. Mbegu peke yake ni nusu ya bidhaa.

Kuna hatari moja isiyosubiri. Ng'ombe mwenye njaa akiachiwa klova mbichi, tumboni hutokea povu linaloizuia gesi kutoka. Ubavu wa kushoto hufura, na asipowahiwa hufa ndani ya saa chache. Mshibishe nyasi kavu kwanza, na klova ipandwe pamoja na nyasi. Hali hiyo ikishatokea, mafuta ya kula yakinyweshwa huvunja povu wakati daktari wa mifugo yuko njiani.

Na Ujiji? Huko kuna fiwi, kuna mashudu ya mise (kokwa za chikichi) yanayobaki baada ya kukamua mafuta, na kuna lukina, mti unaostahimili joto na wenye vinundu vyake. Lukina ina sumu iitwayo mimosini, na hadithi yake ni ya bakteria vilevile. Ng'ombe wa Australia waliugua kwa kuila, ilhali mbuzi wa Hawaii waliila bila shida. Mtafiti Raymond Jones aligundua kwamba mbuzi hao wana bakteria tumboni anayeivunja sumu hiyo, na miaka ya 1980 bakteria hao wakapelekwa Australia wakanyweshwa ng'ombe. Mwaka 1992 bakteria huyo alipewa jina Synergistes jonesii. Asiye na uhakika kama ng'ombe wake wanaye, lukina isizidi theluthi moja ya chakula cha siku.