Mwunga Mifupa wa Delta

Mfupa ukivunjika katika delta ya Rufiji, safari ya hospitali huanzia majini. Visiwa vya wilaya ya Kibiti vimezungukwa na mikoko, msitu mkubwa kuliko mingine ya aina yake Afrika Mashariki, na chombo husubiri maji yajae ndipo kipite kwenye vijito. Ndiyo maana mwunga mifupa wa kijijini hana haja ya kujitangaza.

Kazi yake huanzia vidoleni. Hupapasa taratibu juu na chini ya palipovimba, huku akitazama uso wa mgonjwa unapojikunja. Kisha huvuta, hunyoosha, huchua kwa mafuta, hufunga kwa mabanzi na kitambaa. Siku zinazofuata hurudi kulegeza na kukanda tena. Kwa tiba ya mikono inayofanana na hiyo, daktari Mmarekani Andrew Taylor Still aliasisi osteopathi, yaani tiba ya kunyoosha na kuchua mifupa na viungo, mwaka 1874, akafungua chuo chake Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Still alishikilia kwamba mwili ni kitu kimoja na kwamba ukikaa sawa hujiponya. Madai yake mengine hayakuthibitika.

Uganga wa Rufiji hauishii kwenye mfupa. Aliyeanguka mnazini anaweza kuulizwa ana ugomvi na nani, au mizimu ya ukoo imesahauliwa tangu lini. Ramli inapopigwa ndugu huwa papo hapo, kwa kuwa jibu linawahusu: huenda wakatakiwa kupatana, kutoa sadaka au kugharimia ngoma ya mashetani. Mgonjwa hauguzwi peke yake, na pengine hilo lina nguvu kuliko majani yanayochemshwa. Lina sumu yake pia, maana ramli ikimtaja jirani kuwa mchawi, kijiji hugawanyika.

Mwaka 1905 fikra kwamba tiba ni jambo la jamii ilivuka mgonjwa mmoja na ukoo wake. Kinjikitile Ngwale, mganga wa kijiji cha Ngarambe, aliyeaminiwa kupandwa na pepo aitwaye Hongo, aligawa maji ya dawa, yaliyosemekana kugeuza risasi kuwa maji, kwa watu waliochoshwa na utawala wa Wajerumani na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro mwezi Agosti mwaka huohuo. Risasi hazikugeuka maji, lakini Vita vya Maji Maji viliendelea hadi 1907.

Mwunga mifupa naye ana mipaka yake. Vidole havioni kama eksirei. Banzi likikazwa mno huzuia damu: vidole vya mguu vikipoa, vikifa ganzi au kubadilika rangi, kifungo kilegezwe mara moja, la sivyo nyama huoza na mguu hukatwa. Mfupa uliotoboa ngozi ni wa hospitali, hata ikibidi kungoja maji. Mgongo unaouma wiki nyingi pamoja na homa na kukonda usichuliwe kabla ya vipimo, kwani kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo.

Serikali ya Tanzania haikuwapa kisogo waganga. Katika hospitali ya Muhimbili kilianzishwa kitengo cha utafiti wa tiba asili mwaka 1974, na sheria ya mwaka 2002 ikaunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, linalowasajili. Usajili pekee hautoshi kwa vijiji vilivyo ndani ya mikoko. Huko kinachohitajika zaidi ni mwunga mifupa na mhudumu wa zahanati kufahamiana, ili mguu uliovimba vibaya upakiwe kwenye mashua mapema, na aliyefunguliwa hogo apate mtu wa kumchua na kumzoesha kutembea.