Dola, Dhahabu na Hukumu ya Thamani Katika Fiqhi

Shukrani zote ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Katika Suratul-Kahf (18:19) tunasoma kuwa vijana wa pangoni walipoamka walimtuma mmoja wao mjini na fedha yao akawatafutie chakula kilicho safi. Baadhi ya wafasiri wameeleza kuwa sarafu ile, yenye muhuri wa mfalme aliyekwisha kupita, ndiyo iliyowashtua watu wa mji. Muhuri ulikuwa umepoteza nguvu, lakini madini yalibaki na uzito wake. Leo inaulizwa: je, dola ya Marekani nayo inashuka katika kiti chake? Na ikishuka, zaka, mahari na madeni yetu yanaguswa vipi?

Tuanze na historia. Waislamu wa mwanzo walitumia dinari za Rumi na dirhamu za Fursi, mpaka Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alipopiga dinari ya Kiislamu mwaka 77 Hijria, yenye gramu 4.25 za dhahabu. Karne nyingi baadaye ikaja zamu ya pauni ya Uingereza. Shilingi ya Afrika Mashariki ilifungwa kwayo, 20 kwa pauni moja. Basi pauni iliposhushwa mwaka 1949 kutoka dola 4.03 hadi 2.80, akiba ya mtu wa Mombasa na Unguja ilishuka pamoja nayo bila ya yeye kuulizwa.

Dola ilipewa nafasi hiyo katika mkutano wa Bretton Woods, mwaka 1944, kwa ahadi ya wakia moja ya dhahabu kwa dola 35. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon aliivunja ahadi hiyo. Mwaka 1999 dola ilikuwa takriban asilimia 71 ya akiba za kigeni za benki kuu duniani. Mwaka 2024 ilikuwa chini ya asilimia 59. Bado ndiyo ya kwanza, wala hakuna sarafu moja iliyoirithi. Lakini tangu akiba za Urusi zilipozuiwa mwaka 2022, benki kuu zilinunua zaidi ya tani 1,000 za dhahabu kila mwaka hadi 2024.

Ama hukumu, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah lilikwisha kuamua mwaka 1986 kuwa noti ni pesa kamili: zina zaka, na riba huingia ndani yake. Hivyo anayesema "karatasi si mali" ili akwepe zaka, hana hoja.

Nisabu ni gramu 85 za dhahabu au 595 za fedha. Kwa bei ya 1944, gramu 85 zilikuwa kama dola 96. Mwezi Oktoba 2025, wakia ilipopita dola 4,000, zilizidi dola 10,900. Aliyekariri kiwango cha noti tangu zamani huenda akamtoza asiyewajibika. Nisabu ya fedha ni ndogo mno kuliko ya dhahabu, na maulamaa wengi wa zama hizi wameichagua kwa kuwa ina manufaa zaidi kwa mafakiri. Imamu naye apime upya kila mwaka kwa bei ya siku.

Katika deni, Abu Hanifa alisema fulusi zikishuka thamani hulipwa idadi ile ile. Abu Yusuf akasema hulipwa thamani yake. Baraza lilichukua idadi kwa noti, mwaka 1988, kuziba mlango wa riba. Basi haifai kukopesha shilingi ukashurutisha kurudishiwa zaidi kwa kuwa zimeshuka.

Lakini mlango wa halali uko wazi kabla ya akdi. Mahari ya kuakhirishwa yaweza kuandikwa kwa gramu za dhahabu tangu mwanzo. Mwanamke aliyeandikiwa noti miaka 30 iliyopita hupokea leo kisichonunua hata kanga, na haki yake imeliwa bila ya mwizi kuonekana. Enyi maimamu, mnaposimamia nikaha, waelezeni mawalii jambo hili kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Wallahu A'lam.