Funguo za Gitaa la Besi la Mtumba

Gitaa la besi la mtumba linalopelekwa kijiji cha Engaresero kutoka Arusha hupita Mto wa Mbu, kisha Engaruka, likitikisika njia nzima hadi chini ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai. Vumbi la huko lina majivu ya volkano. Punje zake zikinasa kwenye grisi ya funguo za kukazia nyuzi, husaga meno ya gia taratibu. Na kwa kuwa maduka ya vyombo vya muziki yako mbali, kila kipuri kisichoingia ni safari nyingine. Kwa hiyo fundi wa kijijini anapaswa kupima kabla ya kununua, na kabla ya kupima ahakikishe kwamba mkosaji anayeshusha sauti kweli ni ufunguo.

Mara nyingi si ufunguo. Ndani yake mna parafujo fupi inayosukuma gurudumu la meno, na gurudumu hilo ndilo linalozungusha kigingi cha uzi. Kwenye funguo nyingi za besi, kishikio huzunguka kama mara 20 ili kigingi kizunguke mara moja. Mwendo huo ni wa upande mmoja: mkono huzungusha uzi, lakini uzi hauwezi kuurudisha mkono. Hata gia iliyolika kidogo, yenye mchezo, hushika vizuri, kwa sababu mvuto wa uzi hulalia upande uleule wa meno wakati wote. Mchezo huo hudhuru pale tu mpigaji anapolegeza uzi kutafuta noti. Dawa yake ni kushusha uzi chini ya noti, kisha kupanda nao hadi ufike. Kama sauti inashuka hata hivyo, tazama kwanza uzi ulivyozungushwa kwenye kigingi, halafu kile kipande chenye mifereji kati ya shingo na kichwa. Uzi ukinasa hapo hutoa mlio mkavu unapokazwa, na unga wa penseli ndani ya mfereji hutosha kuutuliza.

Ufunguo wa kubadilisha ni ule uliopinda kigingi, uliovunjika kishikio au uliokwisha meno kabisa.

Hapo ndipo rula inapoingia kazini. Vigingi vya besi vina unene wa aina mbili zinazoonekana sana, takriban milimita 9.5 na 12.7, na matundu ya kichwani huanzia kama milimita 14 hadi karibu 18. Asiye na kipimo maalumu atumie shina la keke: linaloingia bila kulegea ndilo kipimo cha tundu. Pima pia umbali kati ya parafujo za bamba la nyuma, na uandike kama funguo zote nne ziko upande mmoja au mbili mbili, kwa sababu ufunguo wa kulia hautafaa kushoto. Mimi ningenunua funguo zilizotumika zinazolingana na matundu ya zamani kuliko mpya zinazodai kichwa kichongwe upya. Mbao iliyokwisha kutolewa hairudi.

Kabla ya kufungua funguo, legeza nyuzi zote nne kidogo kidogo, kwa zamu. Kwa pamoja huvuta shingo kwa nguvu ya takriban kilo 80. Matundu ya parafujo yaliyopanuka yajazwe vijiti vya meno vilivyopakwa gundi ya mbao, yaachwe usiku kucha, kisha yatobolewe upya kwa keke nyembamba kuliko parafujo. Paka parafujo nta ya mshumaa ili isipasue mbao wala isikatike shingoni.

Uzi mpya uache urefu wa sentimita 10 hadi 12 kupita kigingi chake. Ukunje kwanza, ndipo ukate nje ya kunjo. Ukikatwa ukiwa umenyooka, waya wa nje huweza kufumuka na sauti ikafa. Ncha iingie katikati ya kigingi, mizunguko miwili au mitatu ishuke kuelekea mbao. Baada ya siku chache za kupigwa, kaza tena nati na parafujo, hasa ikiwa gitaa limesafiri.