Kinu cha Kisamvu katika Somo la Seli

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wetu, tumeona mara nyingi kwamba somo la seli huanzia ubaoni na kuishia ubaoni. Mwalimu huchora duara, hutia kiini katikati, huandika majina, na wanafunzi hunakili. Wiki ifuatayo huweza kuzitaja sehemu zote, lakini hawawezi kueleza kwa nini sehemu hizo zimetenganishwa.

Mwanachuo mmoja tuliyemkagua katika shule moja ya Kipawa, ambako somo husimama kila ndege ipitapo juu ya paa, alijaribu kutoka nje ya mchoro huo. Alitaja kwamba muhogo mchungu una sumu. Ndipo mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, kama muhogo una sumu, mbona wenyewe haufi?" Mwanachuo alibabaika, kisha akasema kwamba lililo muhimu ni kuuchemsha, kwani sumu hufa kwa moto. Nasi tuliokaa nyuma ya darasa tukaandika katika ripoti yetu kwamba jibu lilifaa. Halikufaa. Swali lile lilikuwa ndilo somo zima la seli, na jibu lile laweza kumdhuru mtu.

Katika seli nzima ya muhogo sumu yenyewe haimo. Iliyomo ni kemikali iitwayo linamarini, nayo imehifadhiwa katika vakuoli, yaani kifuko cha majimaji kilicho ndani ya seli. Kimeng'enya kinachoweza kuivunja, linamarase, kimewekwa mbali nayo, katika ukuta wa seli. Maadamu seli ni nzima, viwili hivi havikutani. Mnyama akilitafuna jani, seli hupasuka, kimeng'enya huifikia linamarini na kuivunja, na mwishowe hutoka sianidi ya haidrojeni. Hiyo ndiyo sumu.

Kwa watoto, mfano wa kiberiti unatosha. Moto haumo katika njiti peke yake, wala katika ubavu wa kasha peke yake. Huzuka viwili hivyo vinaposuguana.

Sasa mwalimu na aulize: kwa nini kisamvu hutwangwa kabla ya kupikwa? Wengi watajibu kwamba ni ili kilainike, na hawakukosea. Lakini mchi hufanya kazi nyingine pia: huzipasua seli ili kimeng'enya kiivunje linamarini yote kadiri iwezekanavyo. Sianidi ya haidrojeni huchemka katika nyuzijoto 26 hivi za Selsiasi, kwa hiyo katika joto la Dar es Salaam huanza kupotea hewani mapema, na chungu kisichofunikwa humalizia kazi.

Hapa ndipo kosa la mwanachuo wetu linapoonekana. Kimeng'enya ni protini, na joto kali huliharibu umbo lake. Linamarini, kwa upande wake, hustahimili maji yachemkayo. Muhogo mchungu ukichemshwa katika mapande makubwa, kimeng'enya huharibika kabla ya kumaliza kazi, na sehemu kubwa ya linamarini hubaki katika chakula. Muhogo mtamu unaochomwa kando ya barabara zetu una kiasi kidogo, na haupasi kutiliwa hofu. Ni vema mwalimu aseme hivyo waziwazi, asije akawaharibia watu biashara.

Sianidi huzuia kimeng'enya kimoja katika mitokondria, na seli hushindwa kuitumia oksijeni hata ikiwa damu imeileta tele. Mwili huweza kuigeuza sianidi kidogo kwa msaada wa salfa itokayo katika protini. Asiyepata maharage wala samaki hukosa kinga hiyo. Mwaka 1985 wilayani Tarime, wakati wa ukame, watu waliokosa chakula kingine walifupisha usindikaji wa muhogo mchungu, na ukazuka ugonjwa wa konzo, ambao hupoozesha miguu ghafla na hauponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Jina hilo, ambalo maana yake ni miguu iliyofungwa, latoka katika lugha ya Wayaka wa Kongo. Baadaye mwanasayansi wa Australia, Howard Bradbury, alipendekeza unga wa muhogo uloweshwe, utandazwe kwa unene usiozidi sentimeta moja, na uachwe kivulini saa tano kabla ya kupikwa. Ni kanuni ileile ya kinu: kimeng'enya kilichosalia hupewa maji na muda.

Kwa jaribio la darasani hatushauri kutumia muhogo mchungu. Kiazi mviringo chafaa, pamoja na haidrojeni peroksaidi, dawa ya kusafishia vidonda inayouzwa madukani. Mwalimu amimine dawa hiyo juu ya kipande kibichi, juu ya kingine kilichopondwa, na juu ya cha tatu kilichochemshwa kikapoa. Kilichopondwa hufura povu kwa haraka, kibichi polepole, na kilichochemshwa hukaa kimya.

Tuliporudi Kipawa, mwanachuo yule aliufundisha upya mpango huu wote, naye alianza kwa kulisahihisha jibu lake mwenyewe. Mtoto yuleyule akanyosha mkono tena: "Njiti ya kiberiti ikiwaka imekwisha. Na kimeng'enya nacho kinakwisha?" Safari hii mwanachuo hakujibu kwa maneno. Aliyamwaga maji ya kiazi kile kilichopondwa, akamimina dawa mpya juu yake, na povu likapanda tena.